Amana Bila Daftari

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zangu Waislamu wa pwani, wake kwa waume,

Nakuandikieni haya kutoka Dodoma, mji wa bara ambao wengi wenu mwaujua kwa Bunge lake na kwa vumbi lake. Mimi ni mtoto wa pwani niliyeletwa huku na riziki, nami nimekaa miaka ya kutosha kuyaona mema ya wenyeji na kuziona aibu zetu sisi tuliokuja na kanzu zetu. Leo nataka kusema juu ya aibu moja. Nayo haiko Dodoma peke yake. Iko Tanga, iko Mombasa, iko Lamu, iko Unguja, na iko nyumbani kwako wewe unayesoma, ikiwa umeshikishwa fedha za watu na hukuandika.

Miaka kadha iliyopita, katika msikiti mmoja wa mtaani kwetu, tulichanga fedha za kuchimba kisima. Anayekaa Ugogo ajua kisima ni nini. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja tu, na ikisha kukatika mwezi wa Mei mbingu hukauka mpaka Novemba. Basi watu walitoa, tajiri kwa maskini. Fedha zikawekwa kwa mzee mmoja mcha Mungu, mtu wa safu ya mbele, ambaye hapana aliyemtilia shaka. Kwa kuwa hakutiliwa shaka, hakuulizwa. Na kwa kuwa hakuulizwa, hakuandika ila kidogo. Alikuwa na kijidaftari cha shule, na ndani yake aliandika majina ya waliotoa na walichotoa. Kilichotoka hakukiandika. Siku moja Mola wake akamchukua.

Baada ya khitma zikakutwa fedha katika sanduku chini ya kitanda chake. Wanakamati wakasema, hizi ni za kisima. Mjane akasema, la, hizi ni za ng'ombe wawili aliowauza mnadani. Hawakuwa waongo, wala hawa wala huyu. Kila mmoja alisema alivyodhani. Kijidaftari kilieleza zimeingia ngapi, lakini hakikueleza saruji ilinunuliwa kwa kiasi gani, wala fundi alilipwa nini, wala mzee mwenyewe alitoa mfukoni mwake kiasi gani siku ambazo fedha za msikiti zilikwisha na kazi haikungoja. Yawezekana kabisa kuwa msikiti ndio uliokuwa ukidaiwa na marehemu! Wakateta mbele ya mayatima. Mwisho zikagawanywa nusu kwa nusu, wakaita suluhu. Na mpaka leo wako waumini wanaoamini kuwa mzee yule alikula mali ya msikiti, na wako watoto wake wanaoamini kuwa msikiti umekula mali ya mayatima, nao hawasali tena pale. Mmoja katika hawa amedhulumiwa, na hapana kadhi duniani awezaye kusema ni nani.

Sasa tujiulize: kilikosekana nini? Uaminifu ulikuwapo. Swala ilikuwapo, na nia njema ilikuwapo. Kilichokosekana ni ukurasa wa pili wa daftari.

"SISI TWAAMINIANA"

Ukizungumza habari hii utajibiwa haraka: "Sisi ni ndugu, twaaminiana. Kuandika ni kutiliana shaka." Maneno haya ni matamu, na katika mali ya watu yameleta khasara ambayo mwizi wa usiku hakuileta.

Tukifungua Sura ya Al-Baqara twaikuta aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Haikuteremshwa kueleza swala wala saumu wala hija. Imeteremshwa kuamrisha watu waandike madeni yao! Yataka mwandishi aandike kwa uadilifu; yataka mwenye kudaiwa ndiye atamke, asipunguze kitu; yataka mashahidi; yakataza kuchoka kuandika, liwe deni dogo au kubwa; na yakataza asidhuriwe mwandishi wala shahidi. Na tutazame imekaa wapi. Imefuata mara tu baada ya aya zinazoharamisha riba. Wako kwetu wanaoziogopa hesabu za vitabu kana kwamba ni mambo ya benki na riba, ilhali Mola wetu amekwisha katika riba kwa upande mmoja na kuamrisha kuandika kwa upande wa pili.

Atanijibu msomaji mwenye elimu kwamba wengi wa wanavyuoni wamesema amri ile ni ya kuongoza, si faradhi, na kwamba aya inayofuata yaruhusu watu wakiaminiana, aliyeaminiwa airudishe amana. Ni kweli, wala sikatai. Lakini ruhusa hiyo ni ya nani? Ni ya mwenye mali yake. Mimi nikimkopesha ndugu yangu shilingi zangu bila ya hati, nimehatarisha changu, na nikitaka nitamsamehe. Ama mali ya msikiti si yangu, mali ya wakfu si yangu, mali ya yatima si yangu. Kwa kitu ambacho siwezi kukisamehe, sina haki ya kukiacha bila ya ushahidi. Ndiyo maana katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 6, hata mlezi wa mayatima anapowakabidhi mali yao ameambiwa aweke mashahidi. Mungu atosha kuwa ni mwenye kuhesabu, na juu ya hayo mlezi ameambiwa aite mashahidi!

Na tukumbuke kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume (S.A.W.) akamhesabu, kisha akapanda mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu, akauliza kama mtu yule angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hizo zingemfikia? Huyu alikuwa mtu wa zama za Mtume, naye ameulizwa. Wewe mweka hazina wa leo ni nani hata ukiulizwa ukasirike?

MANENO TUMERITHI, KAZI TUMEIACHA

Ajabu ni kuwa lugha yetu yatusuta. Tusikilize maneno yake: hesabu, daftari, hazina, rasilimali, faida, khasara, deni, dhima, amana, stakabadhi, mizania, sifuri. Yote haya yametufikia kwa njia ya Kiarabu, pamoja na dini na biashara. Mizania, ambayo ndiyo hati ya mwisho ya mhasibu, ni ile ile mizani ambayo Sura ya Al-Mutaffifin yawaonya wanaoipunguza. Mtu wa pwani huyatamka maneno haya tangu utotoni; umwombe daftari lenyewe, atakuonyesha karatasi iliyokunjwa mfukoni.

Hapa hutokea makundi mawili, nayo yote mawili yamepotea njia. La kwanza husema: hesabu hizi za kuandika mara mbili ni elimu ya makafiri, alizileta padri wa Kitaliano. La pili husema: la, ni zetu, Wazungu wametuibia. Tuwajibu wote kwa haki.

Padri huyo alikuwapo. Jina lake ni Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko, aliyechapisha Venezia mwaka 1494 kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake sehemu moja inaeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoweka vitabu vyao. Yeye hakubuni. Aliandika alichokikuta. Vitabu vya wafanyabiashara wa Firenze vya miaka ya 1299 na 1300, vya nyumba ya Farolfi, vimebakia mpaka leo na vinaonyesha njia hiyo. Na vya serikali ya mji wa Genova vya mwaka 1340 vivyo hivyo. Wala Pacioli hakuitenga kazi hii na dini yake, kwani aliwausia wafanyabiashara waanze vitabu vyao kwa kutaja jina la Mungu.

Lakini je, Mtaliano angejumlisha nini kama angebakia na tarakimu za Kirumi? Leonardo wa Pisa, aliyeandika kitabu chake cha hesabu mwaka 1202, alisema mwenyewe kuwa alijifunza tarakimu za Kihindi akiwa kijana huko Bijaya, katika nchi iitwayo leo Algeria, ambako baba yake aliwasimamia wafanyabiashara wa Pisa katika forodha. Tarakimu hizo, pamoja na sifuri, zilitoka India zikapita mikononi mwa Waislamu ndipo zikafika kwao. Na kabla ya hapo Sayyidna Umar (R.A.), aliyetawala kuanzia mwaka 634 hadi 644, alikwisha weka diwani, yaani daftari la majina ya watu na haki zao katika mali ya Waislamu.

Basi elimu hii ni kama maji ya mto yaliyopita mashamba mengi. Kuikataa kwa sababu ya padri ni ujinga. Na kujigamba kuwa tuliibuni sisi, pasina kitabu cha kuonyesha, ni kuingiza katika hesabu mapato yasiyo na stakabadhi. Ufakhari wa babu haulipi deni la mjukuu.

NJIA YA UGOGO

Tuje kwenye babu zetu wa karibu zaidi. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita hapa hapa Ugogo. Ulivuka nyika ya Marenga Mkali baada ya Mpwapwa, ukaingia nchi ya Wagogo, na kila mtemi alidai hongo yake. Neno hilo siku hizo lilikuwa ushuru wa njia. Likatoka katika marobota ya merikani na kaniki, katika shanga na nyaya za shaba. Mali yenyewe kwa kawaida haikuwa ya mwenye msafara. Ilikuwa ya mkopo, kutoka kwa matajiri wa Unguja. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, huyo Tippu Tip, alichukua mali kwa Taria Topan, akalipa kwa pembe. Biashara ile ilikuwa na dhulma kubwa ndani yake, kwani binadamu waliuzwa, nami siisifu. Nasema hili moja tu: mwenye msafara asiyejua hongo ya Ugogo imemla kiasi gani, alirudi pwani akidhani ana faida, na kumbe ana deni.

Na tajiri wa Unguja alijua. Wahindi wa Kachi na Gujarati, Mabaniani kwa Makhoja na Mabohora, waliweka vitabu virefu. Upande kilichoingia, upande kilichotoka, na kila mdaiwa na ukurasa wake. Nyumba ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi ya karne ya kumi na tisa, na serikali yenyewe ya Sayyid ikawa na hesabu katika vitabu vya mkodi wake. Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma mwaka 1910, madaftari hayo yakapanda treni pamoja na wenyewe, yakafungua maduka.

Twapenda kusema Mhindi alitajirika kwa ujanja. Wako walioonea watu, sikatai. Lakini mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilitunga sheria za kodi na leseni, na ndani yake ikataka vitabu vya biashara viwekwe kwa lugha ambazo maofisa wake wangeweza kuzisoma, Kiswahili kikiwamo. Wahindi, ambao vitabu vyao vilikuwa vya Kigujarati, walifunga maduka yao kwa zaidi ya siku 50. Tutafakari! Watu walifunga riziki yao kwa ajili ya vitabu vyao na kodi yao. Sisi tuna lugha iliyotajwa katika sheria, wala hatuna kitabu hata cha kugombewa.

JINSI ILIVYO

Wengi hudhani jambo hili ni zito, la watu wa chuo. Halina uzito. Msingi wake ni mmoja: hakuna kitu kinachoingia mahali ila kimetoka mahali. Kwa hiyo kila tendo huandikwa mara mbili, upande wa kushoto kwa anayepokea, ndio wahasibu waitao debiti. Na upande wa kulia kwa anayetoa, ndio krediti.

Tuchukue kisima. Waumini wamechanga shilingi 500,000. Sanduku limepokea, basi ukurasa wa Sanduku, kushoto, andika 500,000. Waliotoa ni wachangiaji, basi ukurasa wa Mchango, kulia, andika 500,000. Ukinunua mifuko 10 ya saruji kwa 18,000 kila mmoja, Kisima kimepokea 180,000, kushoto. Sanduku limetoa 180,000, kulia. Fundi akafanya kazi ya 60,000 wala hajalipwa: Kisima kimepokea kazi ya 60,000, kushoto, Fundi ametoa 60,000, kulia, katika ukurasa wake mwenyewe, na ukurasa huo utabakia unakutazama mpaka umlipe.

Sasa jumlisha. Sanduku limebakiwa na 320,000 na Kisima kina 240,000. Jumla ya kushoto ni 560,000. Mchango ni 500,000 na Fundi anadai 60,000. Jumla ya kulia ni 560,000. Huo ndio urari. Pande zikipishana hata kwa shilingi mia, ujue umekosea mahali, rudi utafute kabla hujalala. Kijidaftari cha upande mmoja hakikuambii kuwa umekosea. Hunyamaza tu, mpaka siku ya matanga.

Laiti yule mzee wetu angekuwa na ukurasa wenye jina lake mwenyewe! Siku aliponunua saruji kwa fedha zake, upande wa kulia ungeandikwa. Siku alipojirudishia, upande wa kushoto ungeandikwa. Mjane angejibiwa kwa robo saa, na mayatima wangeendelea kusali walikosali baba yao.

WALA MIZANI SAWA SI MWISHO

Nisimdanganye mtu. Vitabu vinaweza kuwa sawa na bado vikasema uongo. Mwenye khiyana akinunua saruji kwa 16,000 akaandika 18,000 pande zote mbili, urari utakubali. Akipokea mchango asiuandike kabisa, urari hautajua. Kwa hiyo njia hii hukamata kosa na usahaulifu, lakini mwizi hukamatwa na stakabadhi, na mashahidi, na mkaguzi asiyekuwa yule aliyeandika. Na hayo ndiyo yaliyomo katika aya: mwandishi, mashahidi, na marufuku ya kuwadhuru. Yule ambaye akiombwa daftari huwageuzia watu uso, au humwita muulizaji fitina, amemdhuru shahidi.

Na siku hizi balaa limekua. Mchango hautupwi tena sandukuni mbele ya macho ya watu. Hutumwa kwa simu, nayo simu ni ya mtu mmoja, yenye fedha zake na za msikiti na za harusi ya binti wa jirani, zote katika salio moja. Akifa leo, usiku, ni nani atakayezitenga? Namba ya siri ameondoka nayo kaburini.

Hapa Dodoma ndipo lilipo Bunge. Kila mwaka ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwekwa mezani mwa Bunge, kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba, na upungufu ukasomwa hadharani. Sisemi kuwa kila anayetajwa mle hurudisha alichokula. Lakini serikali yenye askari na magereza imekubali kuulizwa. Je, kamati ya msikiti wenye majamvi kumi ndiyo isiulizwe? Watu wetu huzisikiliza ripoti hizo redioni, wakatikisa vichwa, wakasema "serikali hii!", kisha wakaenda kwenye kikao cha wakfu ambako hesabu ya mwaka mzima ni maneno haya: "Alhamdulillahi, fedha zipo."

Ziko wapi? Ngapi? Za nani?

Ndugu zangu, sitaki makubwa. Nataka mambo matatu, na yaanzie msikitini kwako Ijumaa ijayo. Kwanza, fedha za amana zitengwe na za mtu, sanduku mbali na simu mbali. Pili, kila kiingiacho na kitokacho kiandikwe pande mbili, na mwenye kushika fedha asiwe ndiye mwenye kuandika. Wamo vijana wetu, wa kike na wa kiume, waliosoma uhasibu, wakikaa bila ya kazi huku sisi tukiwaita tu kuja kutandika majamvi. Tatu, hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi, ili asomaye asome na aulizaye aulize.

Na wewe mama wa nyumbani unayeshika upatu wa wenzako, na wewe baba unayeshika urithi wa watoto wa nduguyo, usiseme haya ni ya misikiti. Nunua daftari leo. Andika ukurasa wa kila mtu kwa jina lake, na ukurasa wako wewe uwemo.

Kila mmoja wetu atapewa kitabu chake siku ambayo hapatakuwa na kamati wala suluhu ya nusu kwa nusu. Heri tuanze kuvizoea vitabu tungali hai na kalamu ingali mkononi.

Ewe Mola wetu, mrehemu mzee yule, umlipie anachodai na umsamehe anachodaiwa. Uwafariji mayatima wake. Na utujaalie sisi tuwe watu wa kuandika kwa uadilifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.